Bibi Mwenye Jina Moja: Masuria na Siri za Nyumba Zetu



Posa ikishabisha hodi, wazee hawaanzi na mahari. Wanaanza na kuulizia. Kijana mtoto wa nani, mama yake katokea wapi, bibi yake kazikwa mji gani. Na wakati nyinyi mnaulizia kwao, wao nao wanaulizia kwenu. Hapo ndipo nyumba nyingi za Unguja na Pemba zinapokutana na lile pengo. Upande wa baba majina yanashuka vizuri, bin fulani bin fulani, hata kizazi cha saba. Kisha yanafika kwa bibi mmoja wa zamani na yanakwama. Bibi huyo ana jina moja tu. Hatajwi baba yake, hapatajwi kwao, hana shangazi wala mjomba. Ukiuliza unaambiwa "huyo alikuwa mtu wa nyumbani", au "alikuja na chombo", kisha unaletewa chai.

Mtoto anayekulia ndani ya kimya kama hicho hujitungia majibu yake. Wengine hudhani bibi alifukuzwa kwao kwa ubaya alioufanya. Wengine hudhani kulikuwa na zina, na kwa hiyo ukoo mzima hauko sawa. Na wengine, wakikaribia kuolewa, huingiwa na khofu kwamba siku moja mtu wa upande wa mume atalitamka lile neno mbele za watu. Mara nyingi jibu la kweli ni la historia, tena historia inayojulikana. Bibi yule alikuwa suria.

Nalisema waziwazi kwa sababu neno lenyewe limekuwa zito kuliko jambo lenyewe.

Suria ni mjakazi ambaye bwana wake amemweka ndani bila ya nikaha, kwa sheria iliyokuwa ikifuatwa zama za utumwa. Akizaa na bwana akamkubali mtoto, mtoto yule ni huru tangu siku ya kuzaliwa. Anabeba nasaba ya baba yake na anamrithi sawa na watoto wa mke wa ndoa. Mama naye anakuwa ummu walad: hauziki tena, hatolewi zawadi, na siku bwana anapofariki anakuwa huru. Kwa hiyo yule aliyedhani ukoo wake una zina na apumzike. Kisheria mtoto wa suria hakuwa na dosari yoyote. Lakini angalia kilichotokea kwenye kumbukumbu. Mtoto alipata jina lote la baba, na baba wa baba. Mama hakuwa na la kuongeza, kwa sababu jina la baba yake lilibaki huko alikochukuliwa, na hata jina lake mwenyewe huenda alipewa hapa baada ya kununuliwa. Pengo la nasaba yako limeanzia hapo.

Walikuja vipi? Kwa karafuu, kwanza kabisa. Mikarafuu ilipoanza kushika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, mashamba yalitaka mikono, na mikono ililetwa kutoka bara. Wanyasa, Wayao, Wamanyema, Wazigua, Wazaramo na wengine walipelekwa pwani hadi Kilwa au Bagamoyo, wakavushwa bahari. Kwa makadirio ya wanahistoria, katika miaka ya 1860 kiasi cha watu 20,000 kwa mwaka walipita Unguja. Wengine walibaki mashambani kwetu, wengine wakasafirishwa mbele. Mwaka 1872 kimbunga kikubwa kiling'oa mikarafuu ya Unguja, lakini Pemba ikanusurika, na bei ya karafuu ikapanda. Wapemba wenye mashamba wakapanda zaidi. Mwaka uliofuata Sayyid Barghash akatia saini mkataba na Waingereza wa kufunga biashara ya watumwa ya baharini, na soko la Mkunazini likafungwa. Lakini Pemba ilikuwa na njaa ya watu wa kuchuma karafuu, na majahazi yaliendelea kuvusha watu usiku kwa miaka mingine mingi. Kwa hiyo ukisikia kwa Wapemba kwamba bibi "aliletwa usiku", usidhani ni hadithi ya kutishia watoto.

Wengi wa walioletwa walikuwa watoto. Msichana wa miaka minane au kumi alijifunza Kiswahili na kusali hapa hapa, akawa "mkulia" wa hapa. Alipobaleghe, bwana aliamua: shamba, jikoni, au ndani. Hakuna aliyemuuliza. Najua nyumba nyingi husimulia kwamba suria wao alipendwa, alivishwa dhahabu, alikaa kama bibi. Huenda ni kweli kwa baadhi yao. Lakini tusiipambe habari hii kupita kiasi, kwa sababu anayependwa bila ya ruhusa ya kukataa hayuko katika hali ambayo sisi tungemtakia binti yetu.

Kama kuna anayedhani masuria walikuwa jambo la nyumba duni, na aangalie Kasri. Mke mkubwa wa Sayyid Said katika nyumba ya Mtoni, Bibi Azza binti Seif, hakujaaliwa mtoto. Alipofariki Sayyid mwaka 1856 aliacha, kwa hesabu ya binti yake Salme, watoto 36 walio hai, na wote mama zao ni masuria. Sayyid Majid mama yake alikuwa Mcherkesi, kutoka milima ya Kaukazi. Sayyid Barghash mama yake alikuwa Mhabeshi. Wote wawili walikalia kiti cha Zanzibar na hakuna aliyewaambia hawana asili. Salme mwenyewe, mtoto wa suria wa Kicherkesi aliyeitwa Jilfidan, aliandika kumbukumbu zake zikachapishwa Ujerumani mwaka 1886, na anaeleza jinsi watoto wa Kihabeshi walivyowatania ndugu zao wa Kicherkesi kwa kuwaita paka, kwa sababu ya macho yao ya buluu. Nacheka kila nikikumbuka habari hiyo, kwani kumbe hata ndani ya Kasri watoto waligombana kwa mama zao. Ila ugomvi wao ulikuwa wa kitoto. Aibu yenyewe ilikuja kuwaangukia watu wa chini, ambao hawakuwa na kiti cha kukalia.

Sasa tufike mwaka 1897, maana hapo ndipo kimya kilipopata muhuri.

Mwezi wa Aprili mwaka huo Sayyid Hamoud bin Muhammed, aliyewekwa na Waingereza baada ya vita vile vya dakika 38 vya Agosti 1896, alitoa amri ya kuufuta utumwa mbele ya sheria. Mtumwa aliyetaka aliweza kwenda mahakama ya wilaya akapewa uhuru wake, na bwana akalipwa fidia. Sote tumefundishwa hivyo skuli. Lisilofundishwa ni kwamba amri ile iliwatenga wanawake wa ndani. Masuria walihesabiwa kuwa watu wa nyumba kama wake, wabaki walivyo. Aliyetaka kuondoka ilimbidi athibitishe mbele ya mahakama kwamba anatendewa ukatili. Yule ambaye hajazaa aliweza kukombolewa kwa idhini ya mahakama. Watawala wa Kiingereza waliogopa kuingia ndani ya nyumba za Waislamu wakazusha fitina, na mabwana waliogopa kuvunjika nyumba zao. Katika khofu za wanaume hao, mwanamke alibaki palepale kwa miaka 12 mingine, mpaka amri ya 1909, wakati wa Sayyid Ali bin Hamoud, ilipomwingiza naye katika uhuru.

Jaribu kujiweka mahali pake. Ni mwaka 1909, una miaka thelathini na ushei, una watoto watatu wenye jina la baba yao. Unaambiwa uko huru kuondoka. Uende wapi? Kwenu ni mwendo wa miezi kwa miguu kutoka pwani, na hukumbuki tena jina la kijiji. Watoto ni wa ukoo wa baba. Wengi walibaki. Walizeeka palepale, wajukuu wakawaita bibi, na siri haikuhitaji mtu wa kuificha. Ilitosha tu kutoisema.

Kwa walioondoka, shida ya kwanza ilikuwa ni nikaha, na hili biharusi wa leo atalielewa mara moja. Mwanamke haolewi bila ya walii. Aliyeachwa huru na bwana wake, na hana jamaa wa damu, walii wake kwa sheria ni yule aliyemwacha huru. Lakini aliyeachwa huru na karatasi ya Serikali? Kulikuwa na mabwana, na hata baadhi ya wenye elimu, walioona kwamba uhuru wa Serikali si uhuru wa kisheria, kwa kuwa mwenyewe hakuutoa. Basi wapo wanawake waliokuwa na hati ya mahakama mkononi na bado walirudi kwa bwana wa zamani kumwomba tamko lake, ili wasiishi na wasiwasi kwamba ndoa yao ina kasoro. Wengine walikwenda kwa kadhi, ambaye ndiye walii wa asiye na walii. Fikiria uchungu wa kumpelekea bwana wako wa zamani barua ya posa yako.

Baada ya hapo watu walianza kujivua alama za utumwa moja baada ya nyingine. Kaniki, ile nguo nyeusi ya buluu iliyokuwa vazi la wajakazi, ikawekwa kando; kanga za rangi zikanunuliwa hata kwa mkopo. Kabla ya hapo kujifunika vizuri barabarani kulikuwa haki ya waungwana. Buibui lilipoenea mwanzoni mwa karne ya 20, mwenye asili na asiye na asili walipita Darajani wakiwa sawa, na mtu wa nje hakuweza kuwatofautisha. Sisi tunalizungumza vazi hili kama sitara peke yake. Kwa bibi zetu wengine lilikuwa pia jibu.

Majina nayo yalibadilika. Mfano unaojulikana na kila mtu ni Siti binti Saad wa Fumba, aliyezaliwa kiasi cha mwaka 1880 kwa wazee wenye asili ya utumwa. Jina lake la utotoni lilikuwa Mtumwa. Alipohamia mjini na sauti yake ikamfungulia milango ya wakubwa, akaitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima, na kwa jina hilo mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi nyimbo. Wengi waliofanya kama yeye hawakuwa mashuhuri, kwa hiyo jina la zamani likafa nao. Hata jina "Mswahili" lilikimbiwa. Katika hesabu ya watu ya 1924 maelfu ya watu walijiandikisha Waswahili. Ilipofika 1931 idadi hiyo ilikuwa imeporomoka, kwa sababu kwa wakati ule neno hilo lilimaanisha, midomoni mwa watu, mtu wa asili ya utumwa. Watu hawakufa wala hawakuhama. Walijiandika kwa jina jingine.

Kisha ikaja siasa. Kuanzia uchaguzi wa 1957 matusi ya asili yalichapwa magazetini na kusemwa mabarazani bila ya haya, na baada ya Januari 1964 mambo yakapinduka. Nyumba iliyokuwa ikimficha bibi Myao ikaanza kumficha babu Mmanga. Sitaingia zaidi huko. Ninachotaka uone ni kwamba katika baadhi ya familia siri imefukiwa mara mbili, kwa sababu mbili zinazopingana, na ndiyo maana wazee wanapoulizwa hujibu kwa mkato. Si kiburi. Wamepitia nyakati ambapo jibu la swali hilo lilimdhuru mtu.

Lakini kisichosemwa hutafuta mlango mwingine. Mjini Unguja kuna kundi la mashetani linaloitwa habeshia, na wenye ngoma husimulia kwamba lilikuja na masuria wa Kihabeshi wa Kasri. Ngoma hizo zina mavazi yake, adabu zake na lugha yake ya kujifanya ya kigeni. Dini yetu iko wazi kuhusu kumwomba asiyekuwa Allah, na sisemi haya ili mtu akapunge pepo. Nasema tu kwamba nikisikia mwanamke wa mjini anaumwa, halafu anaambiwa kuna "Mhabeshi" wa bibi yake anayetaka kukumbukwa, najiuliza kama nyumba ile isingepata nafuu zaidi kwa mtu mmoja kukaa na watoto na kuwaambia bibi yule alikuwa nani hasa. Kisomo kifanywe, na ukweli usemwe. Kimoja hakikizuii kingine.

Na mlango mwingine ni harusi yenyewe. Unyago na msondo, ule ufundi wa somo na kungwi ambao mpaka leo unamtoa mwari kumpeleka ukubwani, umetoka kwa wanawake wa bara walioletwa hapa: Wayao, Wamakonde, Wazaramo na wenzao. Waungwana waliudharau zamani kuwa ni ngoma ya watumwa, kisha polepole wakaanza kuwaita makungwi wale wale kwa siri wakawafundishe binti zao. Marehemu Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliupeleka mlio wa ngoma hiyo duniani. Yapo ya unyago ambayo dini haiyakubali, na yapo ya usafi, subira na kuishi na mume ambayo ni faida tupu. Vyovyote utakavyoyapima, biharusi anayeogopa kuulizwa asili ya bibi yake huenda anafundwa usiku huo kwa elimu ya bibi huyo huyo.

Sasa kufu. Najua wapo watakaoniandikia kwamba wazee wana haki ya kuulizia nasaba, kwa sababu madhehebu ya Imamu Shafi imeitaja nasaba na uungwana katika kufu. Ni kweli imevitaja. Lakini kufu katika madhehebu hiyo ni haki ya mwanamke na walii wake. Wakiridhia, nikaha ni sahihi kabisa. Wamaliki waliitazama zaidi dini ya mtu. Na kabla ya madhehebu yote kuna kisa cha Fatima binti Qays, Mkureishi, aliyeachwa na mumewe akaposwa na wawili, mmoja wao Muawiya. Alipomtaka ushauri Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwelekeza kwa Usama bin Zaid. Usama! Baba yake, Zaid bin Haritha, alikamatwa utotoni akauzwa sokoni. Mama yake, Ummu Ayman, alikuwa mjakazi wa Kihabeshi katika nyumba ya baba wa Mtume, jina lake Baraka, naye ndiye aliyemlea Mtume baada ya kufiwa na mama. Fatima mwanzo hakupendezwa. Kisha akakubali, na baadaye mwenyewe alisimulia kheri aliyoipata katika ndoa ile.

Tukimheshimu Bi Hajar kila tukisai baina ya Safa na Marwa, naye alikuwa mjakazi, sioni kwa nini tumfiche bibi wa Chake au wa Malindi.

Kwa hiyo kabla ya posa kuingia, kaa na mkubwa aliyebaki nyumbani kwenu. Usimuulize "bibi alikuwa mtumwa?" Hatajibu, na atakasirika. Muulize bibi alipika nini, alilaza watoto kwa maneno gani, alicheza ngoma gani, alikuwa na chale usoni, kaburi lake liko upande gani wa shamba. Chale na maneno mawili matatu ya kigeni mara nyingi hueleza kwao kuliko jibu lolote. Muulize pia nyumba au kiwanja cha zamani kilikuwa wakfu wa nani. Mabwana na mabibi wengi wa Unguja waliweka wakfu nyumba na mashamba kwa ajili ya mahuru wao na vizazi vyao, na katika hati hizo hutajwa kwa majina. Nyaraka za Taifa pale Kilimani zina kumbukumbu za mahakama na za wakfu za miaka hiyo. Nenda asubuhi, chukua kitambulisho, na uwe na jina la bwana pamoja na jina la mahali, kwa sababu jina la bibi peke yake litakutolea kina Faida na kina Zawadi wengi.